Karatasi Zilizomtaja Mama

Morogoro,
9 Februari 2025

Mama mdogo Dorkas,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta salama, na goti lako limekupa nafuu baada ya baridi ya Januari. Nisalimie wote wa nyumbani. Mimi sijambo, kinachonisumbua ni joto la huku, ambalo mtu aliyelelewa milimani hawezi kulizoea hata akipewa shahada kumi.

Nakuandikia kwa jambo zito. Baada ya mabishano ya muhula mzima, msimamizi wangu amekubali kwamba utafiti wangu wa uzamili uhusu kitongoji chetu: jinsi walionusurika siku mlima uliposhuka na kufukia nyumba wanavyousimulia msiba ule kwa maandishi yao wenyewe. Alidai kwamba mtoto wa marehemu hafai kuchunguza msiba uliomuua mama yake. Nilimjibu kwamba mgeni akienda kwetu Mamba atapewa chai ya tangawizi na maneno ya adabu, ilhali mwenyeji atapewa ukweli. Akatia sahihi, ingawa kwa shingo upande.

Sitaki mahojiano. Anayehojiwa hutazama uso wa anayemhoji, kisha akaujibu uso huo. Aliyeachwa na karatasi hana wa kumridhisha; hujijibu nafsi yake. Kwa hiyo nakutumia karatasi na kalamu kwa watu tisa waliokuwapo jioni ile, wewe ukiwa mmojawapo. Swali ni moja: Jioni ile ulikuwa wapi, ulifanya nini, na tangu hapo umeishije? Kila mmoja aandike peke yake, asimwonyeshe mwenzake, wala asiandike jina. Anayekataa asilazimishwe. Mpe Anderson bahasha azishushe Same kwa bodaboda yake, azipakie kwenye basi.

Nakuomba pia tuandikiane barua, tusipigiane simu. Msimamizi anataka kila hatua ya kazi hii ibaki kwenye maandishi.

Najua utasema nawachosha watu. Lakini fikiri, mama mdogo: walipokufa wale wanane, redio ilitaja idadi tu. Nataka safari hii watu wetu wasemwe kwa kalamu zao wenyewe.

Mwanao,
Asheri


Mamba,
2 Machi 2025

Mwanangu Asheri,

Marahaba. Goti lipo palepale, nami nipo palepale nalo. Tumekwisha kuzoeana kama mke na mume wasioelewana. Huku ni wazima wote. Mzee Zebedayo alilazwa kwa kifua, sasa amerudi na amekwisha kuanza kufokea watu, ndipo tukajua amepona. Je, unakula? Ulipokuja Krismasi shingo yako ilikuwa nyembamba kama ya kuku wa kisasa.

Kazi yako tumeimaliza. Nakusimulia ilivyokwenda ili usije ukasema sikufuata maagizo bila sababu.

Nilisimama kanisani baada ya ibada, nikatangaza kwamba kila aliyetajwa achukue karatasi akaandike peke yake nyumbani. Mzee Zebedayo, kama mwenyekiti wa kikundi cha tangawizi, akainuka hapohapo. "Dorkas," akasema, "tangu lini kazi ya kitongoji ikafanywa na mtu mmoja mmoja, kama kuoga?" Watu wakacheka. Akaendelea: "Huyu ni mtoto wetu. Tukizibua ndiva tunazibua pamoja. Na hili tulifanye kwa msaragambo, wote kwa pamoja."

Basi Alhamisi ikapigwa pembe, kama inavyopigwa tunapokwenda kuondoa tope kwenye ndiva, bwawa letu la kumwagilia. Watu wakaja uani kwangu, safari hii wameacha majembe na kubeba kalamu. Anderson akawa anatembeatembea akipiga kelele, "Asiye na kalamu atozwe jogoo!" Jenifer akamjibu, "Wewe andika kwanza, mwandiko wako unafanana na njia ya pikipiki yako." Nilipika makande. Tuliandika, tukasomeana kwa sauti, tukasahihishana. Aliyelia, mwenzake alimmalizia mstari.

Zimo zote tisa, na yangu imo. Tumeandika vizuri, mwanangu. Hutaaibika mbele ya walimu wako.

Mama yako mdogo,
Dorkas


Morogoro,
15 Machi 2025

Mama mdogo,

Shikamoo. Natumaini mu wazima, na kwamba Mzee Zebedayo anaendelea vema. Mimi kwa afya sijambo. Kwa moyo sina la kuficha, nimekasirika, na nitaeleza kwa nini kwa utulivu kadiri ninavyoweza.

Nilikuomba sauti tisa, ukaniletea kwaya. Kile mnachokiita kusahihishana, huku kinaitwa kuharibu ushahidi. Karatasi zote tisa zinaanza na mvua, zinapita kwenye ufa alioutambua Mzee Zebedayo juu ya migomba, na zinaishia kwenye shukrani kwa Mungu. Hakuna anayekosea, hakuna anayesahau, hakuna anayemlaumu mwenzake. Msiba wa namna hiyo sijapata kuuona popote, si vitabuni, si duniani.

Lakini hilo ningelivumilia. Mtafiti hodari angeweza kujenga hoja hata juu ya makubaliano yenu, na mimi si dhaifu wa hoja. Kinachonishinda ni sentensi moja. Imo katika karatasi zote tisa, kwa maneno yaleyale na mpangilio uleule: "Mama Asheri alikuwa amelala, hakujua kitu." Hata bila majina nawatambua: Jenifer ameiandika katikati ya habari za mbuzi wake. Anderson, ambaye kwa maelezo yake mwenyewe alikuwa kule chini Kisiwani kwa wateja wakati mlima unashuka, naye ameiandika! Alimwonaje amelala, kutoka Kisiwani?

Mimi sikumuuliza yeyote habari za mama. Niliuliza kila mtu habari zake mwenyewe. Ninyi mmeniandikia mimi, hamkujibu swali.

Naomba kazi irudiwe. Kila mtu peke yake, mlango umefungwa, bahasha imebandikwa kwa gundi. Naongeza na swali la pili: Ulimwona nani kwa mara ya mwisho, na alikuwa anafanya nini? Pasipo hayo sina utafiti, na pasipo utafiti miaka hii miwili nimeitupa.

Mwanao,
Asheri


Mamba,
28 Machi 2025

Asheri,

Marahaba, mwanangu. Tu wazima.

Umesema kwaya. Sawa. Wewe uliyesoma unajua majina ya vitu. Lakini watu waliketi uani kwangu tangu asubuhi, msimu huu wa kupanda, wakaacha mashamba yao kwa ajili yako. Barua yako sikuwasomea. Niliwaambia umeshukuru.

Nakuomba kitu kimoja, kama dada wa mama yako. Tafuta utafiti mwingine. Andika habari za bei ya tangawizi, andika habari za shule, Mamba haikosi shida za kuandikwa. Hili liache lilivyo.

Mvua za masika zimeanza. Vaa sweta usiku.

Mama yako mdogo,
Dorkas


Morogoro,
18 Mei 2025

Mama mdogo,

Shikamoo. Natumaini masika hayajawatesa. Habari za hali ya hewa nazifuata kila siku, na mara hii namshukuru Mungu kwamba mvua zimenyesha za kawaida. Mimi ni mzima.

Nisamehe, sikukutii. Nilipoona umekataa, nilimwandikia Anderson moja kwa moja. Amekuwa akipita nyumba kwa nyumba na bahasha, na sasa zimenifikia sita. Usimgombeze, nilimwambia kwamba umeridhia.

Safari hii wameandika peke yao, hilo halina shaka. Mwandiko umepinda, machozi yamefuta maneno, na watu wanapingana hata juu ya ukuta upi ulianguka kwanza. Mmoja amekiri kwamba alimruka mtoto wa jirani akikimbia, na kwamba hadi leo hawezi kupita mbele ya nyumba ile. Hizi ni karatasi za kweli. Nilizisoma nikiwa nimesimama, kwa sababu nilishindwa kuketi.

Sasa tazama jambo hili, mama mdogo. Mara ya kwanza sikumuuliza mtu habari za mama, na wote walimtaja. Mara hii nimeuliza waziwazi kila mtu alimwona nani wa mwisho, na hakuna hata mmoja aliyemtaja. Hayumo. Mama yangu, aliyezaliwa na kuolewa katika kitongoji hicho, hakuonwa na yeyote! Walipokuwa pamoja walikuwa na sentensi. Walipobaki kila mtu na nafsi yake, hapana aliyethubutu kuiandika tena. Mwenye akili timamu hawezi kuona hayo mawili akasema ni bahati.

Mimi sidai tena kama mwanafunzi. Shahada ingeweza kungoja. Nina sababu ya kuamini kwamba mama hakuwa amelala. Sababu hiyo nitakaa nayo kwa sasa. Wewe ulikuwa jirani yake, korongo tu kati yenu. Niandikie alikokuwa. Nina haki ya kujua kuliko mtu yeyote aliye hai, na wewe huna haki ya kunikinga na mama yangu.

Mwanao,
Asheri


Mamba,
11 Juni 2025

Mwanangu Asheri,

Marahaba. Natumaini utakuwa umeamka mzima siku utakapoipokea hii. Ukiwa umeifungua mahali penye watu, ifunge, uende chumbani. Ukiwa na rafiki wa karibu, mwambie akae nje ya mlango.

Barua yako nilimpelekea Mzee Zebedayo. Akaisoma mara mbili, akavua miwani. "Huyu hatatuacha," akasema. "Ni mtoto wa mama yake. Mwandikie." Nikamwambia aandike yeye aliyelianzisha. Akasema, "Dorkas, mimi nililitamka makaburini ili asianguke. Kulitangua siwezi. Wewe ndiye damu yake." Kwa hiyo ninaandika mimi.

Mama yako hakuwa amelala. Alikuwa ametoka.

Mchana ule Mzee Zebedayo aliuona ufa umepanuka, akapita akigonga kila mlango. Wengine hawakuamini, na wengi wao ndio tuliowazika. Mama yako aliamini. Alikuja kwangu, ng'ambo ya korongo, amebeba mkeka na sufuria, hata nikamcheka kwa ile sufuria. Tulikuwa kibarazani kwangu watu wengi, na jioni ilikuwa inaingia. Mvua ikapungua kidogo. Ndipo tukasikia simu yake ikiita kule ng'ambo.

Unakumbuka kile kisimu chake cha kitochi. Alikiacha dirishani, kwa kuwa nyumba ile haikuwa na mahali pengine penye mtandao, na sauti alikiwekea ya juu kabisa kwa sababu ya sikio lake. Kiliita kikanyamaza. Kikaita tena. Jenifer akasema, "Mama Asheri, mchumba wako hana subira." Watu wakacheka. Mama yako akasema, "Huyo ni Asheri, amesikia habari za mvua redioni. Mnamjua mwanangu, hakubali. Asipojibiwa atapiga hadi kesho." Akainuka. Nikamwambia, dada, acha. Akasema, "Ngoja nimwambie tumetoka, apate kulala."

Nilimshika kitenge. Akakifungua, akaniachia mkononi, akavuka akikimbia kwa gauni, anacheka, kwa sababu Anderson na wenzake walikuwa wanamshangilia kama kwenye mbio za shule. Ndiyo, Anderson alikuwapo. Kisiwani alikuandikia ili asiulizwe. Tulimwona akipanda, tukamwona akiingia. Kisha mlima ukashuka.

Siku ulipofika, pale makaburini, uliuliza jambo moja tu: "Alikuwa wapi?" Sisi wote tuliitazama ardhi. Mzee Zebedayo akasema, "Alikuwa amelala, hakujua kitu." Likawa hilo. Hapakuitishwa kikao. Kila mtu alilichukua akaenda nalo nyumbani kwake, na ulipotuletea karatasi zako tuliogopa kwamba mmoja angesahau, ndiyo maana tukaandika pamoja.

Ulipiga simu kwa sababu unampenda, naye alikwenda kuipokea kwa sababu anakupenda. Hakuna mwenye kosa hapo. Nimetafuta mwenye kosa, mwanangu, nikaanza na mimi niliyeshika kitenge badala ya mkono. Hayupo.

Njoo nyumbani.

Mama yako mdogo,
Dorkas


Mamba,
24 Agosti 2025

Mwanangu Asheri,

Natumaini u mzima, ingawa hukuniambia. Sisi tu wazima. Tangu ile barua ya Juni sijapata hata mstari kutoka kwako. Anderson alimuuliza kondakta wa basi, akasema bahasha ilichukuliwa ofisini kwao na kijana mrefu mwenye miwani, basi nikajua unayo.

Hatuulizi habari za shahada. Wala sikuandikii ili ujibu yale niliyokueleza, hayana jibu.

Lakini kuna jambo hapa, na nimetumwa. Jumapili iliyopita tuliketi kwangu, wote tuliokuwa kibarazani jioni ile, wakaniambia: sasa kwa kuwa mtoto anajua, muulize. Tumekaa nalo tangu siku ile, na hatukuweza kukuuliza, kwa sababu mtu angewezaje kukuuliza habari ya simu huku akikuambia mama alikuwa amelala? Tulikuwa tunaulizana sisi kwa sisi kwenye vibarua vya kuvuna. Mmoja anasema muda ulitosha, mwingine anasema haukutosha. Jenifer anasema alisikia simu ikiacha kuita kabla ya kishindo. Mimi sikusikia. Nilikuwa nimetazama kitenge.

Tunaomba utuambie. Je, aliifikia? Alikusikia? Kama hapana, tuandikie hapana, tutalibeba na hilo. Wewe ndiye mtu pekee duniani anayejua, na sisi tuliobaki tungependa kujua kama alikwenda bure.

Usipoweza, tuma karatasi tupu, tutaelewa.

Mama yako mdogo,
Dorkas


Morogoro,
14 Septemba 2025

Mama mdogo,

Shikamoo. Wasalimie wote waliokutuma, kila mmoja kwa jina. Afya ninayo. Nisamehe kwa ukimya wa miezi hii. Kila nilipoanza kuandika nilijikuta nabishana, na sikuwa na wa kubishana naye.

Utafiti nimeuacha. Nilimweleza msimamizi kwamba alikuwa sahihi, naye hakufurahia ushindi wake. Nitaandika juu ya barua za kikoloni zilizohifadhiwa maktaba, ambazo walioziandika wote wamekwisha kufa na hawaniogopi. Karatasi za mara ya pili nimezirudisha ndani ya kifurushi hiki, kila moja ndani ya bahasha yake. Naomba Anderson azirudishe kwa wenyewe, maana anajua kila bahasha ni ya nani, na ile niliyoitia alama, ya yule aliyeandika habari ya mtoto wa jirani, mpe mwenyewe kwa mkono wako.

Sasa nawajibu.

Aliifikia. Mara ya kwanza iliita hadi ikakata, na ya pili vilevile. Mara ya tatu aliipokea. Kwa hiyo tangu pale makaburini nilijua kwamba hakuwa amelala, lakini niliwaona ninyi mnavyoitazama ardhi, nikadhani ninyi ndio mnaoihitaji sentensi ile, nikawaachia. Nilidhani simu yangu ilimwamsha, akafa akiwa macho kwa sababu yangu, na sikutaka mjue. Hivyo tumekuwa tukifichana pande mbili.

Lakini hesabu haikunitulia, kwa sababu aliipokea akihema. Mtu aliyeamka usingizini hahemi vile. Nimelala na kuamka na kuhema kule tangu siku ile, nikisema labda aliumwa, labda alijua, labda alikuwa anakimbia akanaswa. Ndiyo maana nilibuni utafiti mzima, mama mdogo, na vitabu vyote vile na hoja zote zile. Nilitaka mtu mmoja aniambie kwa nini mama yangu alikuwa anahema. Sasa nimejua kwamba alikuwa amepanda korongo akishangiliwa.

Mwambieni Jenifer alisikia sawasawa. Mwambieni Mzee Zebedayo kwamba sauti yake haikuwa na hofu. Alikuwa anacheka, na alisema, "Asheri, ngoja kwanza, nivute pumzi."

Mimi sikungoja. Nilikuwa nimejiandaa kubishana naye, nikijua atakataa kutoka. Nikaanza kumweleza habari za utabiri, na mteremko, na udongo ukishiba maji, na kwamba imani bila akili ni ukaidi, nikapanga hoja zangu moja baada ya nyingine, na nilikuwa bado nazipanga nilipogundua kwamba kwa muda mrefu hapakuwa na mtu upande wa pili.

Mwanao,
Asheri